Vita vya Sensa Mbili na Kinu cha Mama Mkwe

Kusanyikeni, enyi wa Masasi na enyi wa Newala, mlio juu ya uwanda wa mlimani na mlio chini yake! Wanaopuliza salfa mikoroshoni wazime mabomba yao kidogo, na wanaotwanga waiache michi hewani, maana nina habari ambayo wino wa serikali haukuiandika, na kwa kutoiandika serikali imejipunguzia heshima yenyewe. Nitawasimulia vita alivyopigana Khalfan bin Mahmudu, simba wa Lisekese, mume wa Sijaona, baba wa Pili, dhidi ya vidude viwili visivyozidi urefu wa kidole gumba. Jinsi alivyoving'oa vya kale na kuvisimika vipya, akashindwa, akafedheheka, na jinsi alivyookolewa na kinu. Naam, kinu cha kutwangia. Asiyeamini akae pembeni asituharibie baraza.

Ilikuwa katika enzi ya ruksa, pale wanunuzi binafsi walipoanza kugombea korosho zetu kama watu wanaogombea bibi harusi, na kila mkulima akajipatia kile alichokuwa akikiota tangu miaka ya foleni za sabuni. Huyu alinunua redio, yule akaezeka mabati. Khalfan alinunua pikipiki. Wala haikuwa pikipiki ya watu wa kawaida, bali jitu la Kijerumani lenye tumbo pana na macho ya mstatili, lililoachwa na mhandisi mmoja wa visima ambaye mradi wake ulifungwa na yeye akarudi kwao. Khalfan akaiita Radi. Ilinguruma msimu mmoja, nchi ikatetemeka, mbuzi wakaharibu mimba. Kisha siku moja ikakohoa, ikanyamaza, ikasukumwa mpaka ghalani, na kuku wakaanza kutagia juu ya kiti chake.

Mafundi wakaja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitafuta kabureta. Walitafuta chini ya tangi, walitafuta nyuma ya injini, mmoja akatafuta hata kwenye taa. Haikuwapo. Radi haikuumbwa na kabureta. Petroli yake ilipulizwa na nozeli, na nozeli ziliamriwa na kompyuta iliyofichwa chini ya kiti, na kompyuta hiyo ilikuwa kipofu, haijui lolote ila kile ilichoambiwa na wapelelezi wake wawili, sensa ya joto na sensa ya hewa. Fundi mmoja wa Dar es Salaam, aliyeandikiwa barua ya kurasa nne, ndiye aliyefumbua fumbo. Akajibu kwa mistari miwili: sensa zote mbili zimekufa, nakutumia nyingine kwa kondakta wa basi, usizipige nyundo.

Zilipofika, Khalfan hakuzifunga siku hiyo. Mambo makubwa yana siku yake. Akatafakari mahali pa kuzihifadhi, maana panya wa ghala lake hula waya na wezi hula kila kitu. Ndipo akapata wazo lililomfanya atembee siku nzima akitabasamu peke yake. Alizizamisha ndani ya gunia la salfa, ile ya njano ya kupulizia mikorosho. Panya gani atatia pua humo? Mwizi gani ataweka mkono? Huko zikalala miezi miwili, kando ya Radi yenyewe, katika vumbi lile lile.

Sasa sikilizeni kilichokuwa rehani. Dada yake Khalfan, aliyeolewa Mkunya huko Newala, alikuwa na binti aitwaye Mwanaheri, na Mwanaheri alikuwa ndani, mwali wa unyago, na siku ya kutolewa ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Katika ukoo wao mwali hatoki mpaka mjomba amshike mkono. Si baba, si shangazi, si mwenyekiti wa kijiji. Mjomba asipofika, mwali hukaa gizani amefunikwa kanga, ngoma zinapoa, wageni wanakula na kuondoka, na jambo hilo husimuliwa mpaka huyo mwali awe na wajukuu. Tena kulikuwa na ahadi. Mwanaheri alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa kali, na Khalfan alimbeba kwa baiskeli usiku kucha mpaka hospitali, njiani mtoto akamwambia, "Siku yangu nikitolewa, mjomba, uje unibebe tena, lakini kwa pikipiki." Khalfan akasema ndiyo. Mtoto akasahau homa, hakusahau ndiyo.

Hivyo basi, alfajiri ya Jumamosi, basi la Newala lilipopiga honi, Sijaona alipanda na Pili na mfuko wa zawadi. Kondakta akamwambia Khalfan, "Panda, Baba Pili, tunaondoka, na leo hakuna jingine." Hapo ndipo shujaa wetu, mbele ya watu wote wa stendi, aliponyoosha mkono na kunena: "Nendeni, ndugu zangu, nendeni taratibu. Mtakapokuwa mnapanda mlima, mtasikia kitu kikiwapita. Msiogope. Ni mimi."

Basi likaenda.

Sasa nyumbani wakabaki watu wawili: Khalfan na mama mkwe wake, Bibi Zabibu. Na hapa asiye mwenyeji lazima aelezwe. Khalfan alikuwa amehamia kwa wakwe kama walivyofanya baba zake, na kwa desturi ya nyumba ile mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hasemi naye mdomo kwa mdomo. Likiwapo neno hupitia kwa Sijaona. Miaka kumi na miwili walikuwa wameishi ua mmoja, kila mmoja akijua kikohozi cha mwenzake, na hata shikamoo moja haikuwahi kupita kati yao isipobebwa na mtu mwingine. Siku hiyo mbebaji alikuwa ndani ya basi, karibu na dirisha.

Jua lilipokuwa limepanda kimo cha mtu, Khalfan aliitoa Radi ghalani, akawafukuza kuku, akafuta kinyesi, akaipangia spana zake juu ya gunia kama jemadari anayekagua askari. Betri ilikuwa imechajiwa Alhamisi kwa fundi wa mashine ya kusaga. Akavaa kaptula ya shambani, akasema Bismillahi, akainama.

Sensa ya hewa ilijisalimisha bila vita. Skrubu mbili, ikatoka. Akaishika juu, akaitazama kwa dharau, akaitupa nyuma ya bega, ikamkosa jogoo kidogo. Lakini sensa ya joto, iliyochomekwa ubavuni mwa injini, ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, na spana namba kumi na tisa ilipoishika, haikucheza. Akavuta. Akavuta kwa miguu. Akaimwagia mafuta ya taa, akangoja, akaisemesha kwa upole, akaitukana mama yake, akavuta tena. Ndipo ikalia kriii, ikazunguka, ikachomoka, na nyuma yake maji ya rejeta yakaruka kumpiga kifuani.

Maji! Katika nchi ambayo ndoo moja hutembea maili kabla ya kufika mtungini! Toka nyuma ya jiko la fito, pale alipoketi Bibi Zabibu akichambua mbaazi, kikasikika kikohozi kimoja kikavu. Khalfan alishtuka, akafanya alichoweza kufanya shujaa yeyote: aliziba tundu kwa kidole.

Kidole kilifaa. Maji yakakoma. Lakini sensa mpya ilikuwa juu ya gunia, hatua tatu kutoka hapo, na mkono wa simba wa Lisekese haukuwa na urefu wa hatua tatu. Akajaribu kwa mguu, hakufika. Kuita mama mkwe hawezi. Akabaki amechuchumaa, amefungwa na kidole chake mwenyewe, jua likimchoma kisogoni.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Gasper, fundi baiskeli wa njia panda, mtani wake wa tangu enzi za babu zao, ambaye kwa haki ya utani angeweza kumtukana Khalfan mbele ya kadhi.

"Karibu, Gasper," akasema Khalfan bila kugeuka. "Nipe hicho kidude hapo kwenye gunia."

Gasper hakutoa kitu. Alizunguka pikipiki mara moja, akaizunguka mara ya pili, mikono nyuma, kisha akasimama na kuhutubia. "Nimetega panya tangu sijaota meno, katika mapori ya Lulindi na mabonde yake yote. Nimenasa wanene, nimenasa wembamba. Lakini wallahi, ingawa mimi ni Mkristo naapa kwa lugha yako ili uelewe, sijapata kuona panya aliyejitengenezea mtego, akajitia kidole, kisha akaomba aletewe chambo!"

"Gasper, nakuomba."

"Sema, 'Gasper, mkubwa wangu.'"

"Gasper, mkubwa wangu, laana ikushukie, nipe!"

Akampa. Khalfan akachomoa kidole na kuchomeka sensa kwa kasi ambayo jicho halikuiona, akakaza, akafunga na ile ya hewa, akazibana soketi za waya mpaka zikalia tik. Maji yaliyoangukia karai la chini ya injini akayarudisha rejetani, tone kwa tone. Akafuta mikono. Akapanda. Akatazama kushoto na kulia kama kwamba kuna majeshi, akabonyeza kitufe.

Radi ikazungusha injini, ikakohoa, ikatema wingu jeusi, ikazima.

Akabonyeza tena. Ikakohoa kidogo zaidi. Mara ya tatu ikatoa sauti ya mzee anayeinuka kitini, na taa ya mbele ikafifia. Betri ilikuwa imebakiwa na pumzi ya mara moja, labda mbili, na Khalfan alijua, na Gasper alijua.

Gasper akaacha kucheka. Akavua kofia. "Mtani," akanena, "usilie. Mimi ninalo jawabu. Nyumbani ninayo kabureta ya bomba la salfa, nzima kabisa. Tunakata nyaya hizi zote, tunatupa kompyuta chooni, tunafunga kabureta kwa mpira wa baiskeli. Hayo mambo ya pikipiki kufikiri ndiyo yaliyoiharibu. Pikipiki haitakiwi kufikiri, inatakiwa kwenda!" Na tayari alikuwa na koleo mkononi.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya jiko, sauti ya mtu asiyesema na yeyote.

"Ewe kinu!"

Kinu kilikuwa katikati ya ua, kikubwa, cha mninga, mchi umeegemea. Wanaume wawili wakakitazama.

"Ewe kinu, wewe uliye mtu mzima katika ua huu, nakuuliza: hivyo vidude vilikuwa vimelala wapi miezi hii miwili? Mimi nina macho, niliviona vikiingizwa. Na wewe, kinu, unakumbuka mwaka juzi nilipopuliza salfa na vikuku vyangu vya fedha mkononi, vilirudi nyumbani vikoje?"

Gasper alimgeukia Khalfan, macho yamemtoka kwa furaha. "Baba Pili! Kinu kinaulizwa!"

"Kinaulizwa kinu," akasema Khalfan, "si mimi." Moyoni alijiambia, maskini, kwamba mambo ya kompyuta ya Kijerumani na mambo ya vikuku vya bibi hayawezi kukaa sentensi moja. Akafungua kiti, akakagua nyaya alizokwisha kuzikagua. Akagonga tangi. Akapuliza nozeli. Akainamisha sikio kwenye injini kama mganga. Kivuli cha mchi kikazidi kufupika, na kutoka msikiti wa Lisekese adhana ya adhuhuri ikapanda.

Adhana hiyo ilimfanya aweke spana chini. Maana ilikuwa ikisikika pia Mkunya, kwa muadhini mwingine, na huko ndani ya chumba chenye joto msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimefunikwa kanga mbili, akinong'ona kwa somo wake, mwanamke anayemfunda, "Mjomba amefika?" Naye Sijaona akiwa pale mlangoni akichungulia njia, kwa sababu mumewe aliliambia basi liende. Khalfan aliona aibu. Si ile aibu ya kuchekwa, hiyo alikwisha kuizoea kwa Gasper. Aibu nyingine, ya kumwongopea mtoto aliyekuwa na homa. Macho yakamwasha, na hakukuwa na salfa hewani.

"Nikate?" akauliza Gasper kwa upole, koleo juu ya waya wa kwanza.

"Ngoja."

Alisimama. Akavuka ua mpaka mbele ya kinu, akavua kofia yake, akatazama chini kama mtu aliye mbele ya sultani.

"Ewe kinu," akanena, "wewe uliyenilisha miaka kumi na miwili bila kunihesabia matonge. Mimi Khalfan bin Mahmudu, niliyeitisha nchi kwa mngurumo wangu, leo nimeshindwa na vidude viwili. Ulisema neno, nami nikajifanya sina masikio. Basi kama kuna mtu unayemjua, aliyekutwangia tangu sijaja katika nyumba hii, mwambie nimekosa. Na umuulize: vile vikuku vilirudi vikoje?"

Mbaazi zikaacha kuanguka kwenye ungo.

"Kinu," ikajibu sauti, "vilirudi vyeusi kama masizi ya sufuria. Salfa haipatani na fedha, wala haipatani na shaba. Mwambie anayesikia kwamba achomoe hizo nyaya atazame vijino vyake."

Khalfan alikimbia. Akachomoa soketi ya sensa ya joto, akaigeuzia kwenye jua. Vijino vya shaba, vilivyotoka Dar vikimeta, vilikuwa vyeusi tititi. Akachomoa ya hewa, nayo vile vile. Akachungulia ndani ya soketi za waya zilizolala ghala lile lile, nazo nyeusi. Wapelelezi walikuwa wazima kabisa. Salfa iliwaziba midomo, na ile kompyuta kipofu, isiposikia neno, ilikuwa ikimwaga petroli kama mlevi amwagavyo pombe.

"Ziko nyeusi!" akapiga kelele. "Kinu, ziko nyeusi!"

"Niliviona vikiingizwa guniani," ikasema sauti. "Sikusema, maana sikuulizwa."

Ndipo ukafanyika ule ubadilishanaji ambao falme mbili haziwezi kuufanya kwa adabu zaidi. Bibi Zabibu alitoka jikoni ameficha uso kwa kanga, na Khalfan akageuka ukutani. Bibi akaweka juu ya kinu kibakuli cha ukwaju ulioloweshwa, na majivu laini katika kifuu, akarudi. Khalfan akageuka, akaviinua kwa mikono miwili. "Kinu, asante." Sauti ikajibu: "Kinu, usisahau kumwambia asugue na ndani ya soketi, kwa kijiti cha kiberiti chenye kitambaa. Na kabla ya kufunga zikauke juani, asije akaharakisha kama kawaida yake." Gasper alikuwa ameketi chini kwa kicheko, amejishika mbavu, lakini Khalfan alimtupia spana ya plagi naye akafungua plagi zote tatu, akazikausha petroli kwa pindo la shati lake. Hata adui ana siku yake ya kufaa.

Walisugua. Weusi ukageuka kahawia, kahawia ikageuka wekundu, na mwisho shaba ikachungulia. Wakazianika juu ya kiti cha Radi, wakazilinda dhidi ya kuku. Kisha Khalfan akazifunga, tik, tik. Akapanda. Hakutazama kushoto wala kulia safari hii. Alifumba macho, akamtaja Mwenyezi Mungu, akamtaja Mwanaheri, akabonyeza.

Betri ikavuta pumzi yake ya mwisho. Injini ikazunguka mara moja, nzito. Mara ya pili, nzito zaidi. Ikasita.

Kisha Radi ikanguruma!

Ikanguruma mpaka mabati ya jirani yakajibu, mpaka jogoo akapanda paa, na Gasper akarusha kofia yake juu na kuipoteza kwenye mwembe. Kutoka nyuma ya jiko kikatoka kigelegele kirefu, cha mwanamke aliyesahau kwa muda kwamba anazungumza na kinu tu. Khalfan alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Alipogeuka kuondoka, juu ya kinu palikuwa na kikuku kimoja cha fedha, cheupe, kimesuguliwa. "Ewe kinu," ikasema sauti, "mpe msafiri amvishe mwali. Na apunguze mwendo kwenye makona ya mlima."

Njiani sitasimulia sana, vumbi lenyewe lilisimulia. Alipita kwenye njia ya Lulindi watoto wakakimbia naye, akapanda mlima wa uwanda kona kwa kona, na, niseme kweli, alipunguza mwendo kila kona kama alivyoagizwa. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa alipoingia Mkunya. Ngoma zilikuwa zimepoa, na shemeji mmoja mwenye baiskeli alikuwa ameanza kujisogeza mlangoni ashike nafasi ya mjomba. Nyakanga, mkuu wa unyago, aliposikia mngurumo alisema tu, "Huyo."

Khalfan akaingia mwekundu kwa vumbi kutoka nywele mpaka ukucha, akamshika mwali mkono. Mkono wake ulikuwa na grisi, na kanga mpya ikapata alama tano za vidole, wanawake wakapiga ukelele. Mwali anatakiwa ainamishe kichwa, asiseme, asicheke. Mwanaheri aliinamisha kichwa na hakusema, lakini alipovishwa kikuku na kusikia harufu ya petroli, mabega yake yakatikisika, na Khalfan alijua anacheka. Akampandisha juu ya Radi, akamzungusha kijiji kizima taratibu, na vigelegele vikawafuata mpaka mashambani. Tangu korosho ya kwanza ipandwe katika uwanda ule, hakuna mjomba aliyefika kwa utukufu namna hiyo, na atakayebisha aje na pikipiki yake.

Gasper, kwa upande wake, aliwaambia watu wote wa Masasi kwamba ni yeye aliyeitengeneza.

Jumatatu asubuhi Khalfan alirudi Lisekese, mbele ya basi. Aliizima Radi mlangoni, akaingia uani bila kumngoja Sijaona aje kumbebea neno, akaenda moja kwa moja mpaka katikati ya ua, akavua kofia.

"Ewe kinu," akasema. "Shikamoo."

Mbaazi zikaanguka kwenye ungo, moja, mbili. Kisha, kutoka nyuma ya jiko la fito, kinu kikaitikia:

"Marahaba, mwanangu."